Beisiboli nusu msimu: ushike utabiri wa Machi, ufuate msimamo wa Julai, au uhesabu mikimbio?

Kila ikifika Julai, ligi kuu ya beisiboli ya Marekani inasimama siku chache kupisha mechi ya mastaa, na mi ndo huwa nachomoa daftari langu nilichokiandika Machi nakilinganisha na msimamo. Na kila mwaka swali ni lile lile, sa nimwamini nani, mimi wa Machi au huu msimamo ulioko mbele yangu? Maana kuna timu nilisema zitakuwa juu ziko mkiani, na kuna timu nilizizika mapema ziko kileleni zinapeta.

Wengi wanachagua haraka haraka. Ama wanang'ang'ania walichosema Machi kama vile kubadili mawazo ni aibu, ama wanachana daftari lote wanafuata msimamo. Mi nimefanya yote mawili kwa miaka tofauti na yote yameniumiza, kwa hiyo nataka niziweke hizi njia pembeni pembeni tuone ipi inafaa wapi. Nitatumia msimu wa 2023 kwa sababu umeshaisha, tunajua Machi ilikuwaje, Julai ilikuwaje na mwisho ilikuwaje, hakuna ubishi, na kiukweli sijawahi kuona msimu uliochanganya watu kama ule.

Kwa asiyefuatilia sana, ligi ina timu 30 na kila timu inacheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku ni mechi. Mapumziko ya Julai yanakuja timu zikiwa zimecheza mechi kama 90 hivi. Na kitu cha kwanza cha kuelewa, hasa kama umetoka kwenye soka, ni kwamba huku timu bora kabisa inafungwa sana tu. Atlanta Braves wa 2023 walishinda mechi 104, hakuna aliyewafikia, na bado walipoteza 58. Mdogo wangu yuko Tabata, anaamka saa nane usiku kuangalia mechi za huku mashariki mwa Marekani niliko, mwanzoni alikuwa ananipigia simu timu yake ikifungwa mechi tatu mfululizo, "kaka, hawa wamekwisha", na mi namwambia tulia mdogo wangu, hata bingwa anafungwa tatu mfululizo, hii sio Yanga kwamba sare moja tu mtaa mzima unanuna.

Haya, tuanze na Machi. Utabiri wa Machi wenyewe sio kitu kimoja, una watu watatu ndani yake na wanafikiri tofauti kabisa.

Wa kwanza ni kompyuta. Kuna programu za utabiri kama PECOTA na ZiPS, hizi zinachukua kila mchezaji, zinaangalia miaka yake michache iliyopita huku mwaka wa karibuni ukipewa uzito zaidi, zinaweka umri, zinalinganisha na wachezaji wa zamani waliofanana naye, zinakadiria atacheza mechi ngapi, afu zinauchezesha msimu mzima ndani ya kompyuta maelfu ya mara na kutoa wastani. Uzuri wake haina mapenzi wala haina chuki. Ubaya wake ni kwamba wastani siku zote unavutwa katikati, ni nadra sana ikwambie timu itashinda 105 au itashinda 50, wakati kila mwaka timu za namna hiyo zipo.

Wa pili ni pesa na majina. Huyu ndo mdogo wangu, na ndo karibu kila mtu aliyekulia kwenye soka. Nani kasajili? Nani ana mastaa? Basi huyo bingwa. 2023 jibu lilikuwa New York Mets, walikuwa wanalipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 330, hakuna timu iliyokuwa imewahi kufika huko kwenye historia ya mchezo huu, na walikuwa na Justin Verlander na Max Scherzer kila mmoja analipwa dola milioni 43.3 kwa mwaka. Mwaka uliotangulia walishinda mechi 101. Sa mtu mwenye akili zake asiwaweke juu kwa nini? Mi niliwaandikia ushindi 98.

Wa tatu ni macho. Yule mtu anayeiangalia timu moja kila siku mpaka anajua kijana gani ameanza kuiva. Mi nafanya kazi huku Maryland, na kazini kuna mzee mmoja mtu wa Baltimore tangu azaliwe, Machi ile aliniambia Orioles watashinda 90. Nilimheshimu tu kama mtu mzima, ila moyoni nilijua anaongea mapenzi. Orioles walipoteza mechi 110 mwaka 2021! Kompyuta zilikuwa zinawapa chini ya 80, na mi nikaandika 78.

Ikafika Julai. Cheki hizi, namba ya kwanza ni ushindi niliotabiri mimi Machi, ya pili ni rekodi yao kwenye mapumziko, kushinda na kushindwa:

Mets: 98, wako 42-48
Padres: 95, wako 43-47
Cardinals: 90, wako 38-52
Rangers: 83, wako 52-39
Orioles: 78, wako 54-35
Diamondbacks: 77, wako 52-39
Marlins: 74, wako 53-39
Reds: 67, wako 50-41
Braves: 97, wako 60-29
Oakland: 58, wako 25-67

Ukiangalia hapo unaona mkeka umechanika. Mbili za mwisho ndo nilipatia, na hizo hata mtoto angepatia, Braves kila mtu aliwaona na Oakland kila mtu aliwaona. Zilizobaki zote ni kama nilishika karatasi kichwa chini miguu juu. Na hapo ndo mtu anachana daftari.

Mi nakwambia usichane, ila kwanza elewa kwa nini kila mmoja alikosea, kwa sababu hawakukosea kwa aina moja.

Pesa na majina ilikosea kwa sababu ya mchezo wenyewe ulivyo. Kwenye soka staa wako anacheza kila mechi dakika 90. Kwenye beisiboli mrushaji anayeanza mechi anarusha mara moja kila siku tano, yaani mrushaji wa dola milioni 43 akiwa mzima msimu mzima anaanza mechi kama 32 kati ya 162, zile nyingine zote amekaa anatafuna mbegu za alizeti anaangalia wenzake. Na mpigaji naye ni mmoja kati ya tisa, zamu yake inafika mara nne au tano kwa mechi, huwezi kumpelekea mpira kila wakati kama unavyompelekea straika. Kwa hiyo ukinunua mastaa wawili bado hujanunua timu. Halafu ongeza umri. Verlander alikuwa na miaka 40, akaanza msimu akiwa majeruhi mpaka Mei ndo akacheza mechi ya kwanza. Scherzer alikuwa 38, Aprili akafungiwa mechi 10 baada ya waamuzi kukuta mkononi kitu cha kunata kisichoruhusiwa. Na yule mfungaji wao wa mechi, yaani mrushaji anayeingia mwisho kulinda ushindi, Edwin Díaz, aliumia goti katikati ya Machi kabla ligi haijaanza, tena akiwa anashangilia, Puerto Rico wametoka kuwafunga Jamhuri ya Dominika kwenye kombe la dunia la beisiboli, wakarukaruka pale, akabaki chini, msimu wote umekwisha. Hiyo inaniuma mpaka leo nikiikumbuka.

Cardinals nao ni kosa la majina, ila la aina nyingine, kuamini mwaka jana. 2022 walishinda 93 wakachukua kundi lao, mdakaji wao mkongwe, yule anayedaka mipira ya mrushaji, Yadier Molina akastaafu, wakamleta Willson Contreras kwa dola milioni 87.5 kwa miaka mitano, sote tukasema hawa ni wale wale. Hawakuwa wale wale.

Kompyuta ilikosea wapi? Orioles. Na hili kosa ni la kujifunza kweli kweli. Mwaka 2022 Orioles walimaliza na ushindi 83, na ukiangalia 83 unaona timu ya katikati. Lakini mule ndani kulikuwa na timu mbili. Kabla ya kijana wao mdakaji Adley Rutschman kupandishwa kutoka ligi ndogo tarehe 21 Mei walikuwa 16-24. Baada ya kupandishwa wakaenda 67-55, na hiyo kasi ukiipeleka msimu mzima ni ushindi 89. Yule mzee wa kazini hakuwa na programu yoyote, alikuwa tu pale uwanjani Camden Yards jioni nyingi za kiangazi kile, aliona kwa macho timu imebadilika mwezi gani. Afu Agosti akaona wamemleta na Gunnar Henderson, kijana ambaye 2023 akaja kuwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Marekani (ligi kuu ina ligi mbili ndani yake, hiyo na Ligi ya Taifa). Kompyuta ina taarifa chache za kijana mpya kwa hiyo inamvuta kwenye wastani, ni uangalifu mzuri, kwa vijana wengi itakuwa sahihi, ila ukiwa na timu imejaa vijana watatu wanne wa namna hiyo na wote wakaiva pamoja ndo unapigwa.

Lakini macho nayo usiyape kila kitu. Yule yule mzee ukimuuliza kuhusu timu za magharibi anakwambia hajui, mechi zao zinaanza saa nne usiku kwa saa za huku kashalala. Macho yanaona timu moja, labda kundi moja. Timu 30 hayawezi, na sidhani kama kuna binadamu anaweza.

Sa tuje kwenye Julai yenyewe, kwa sababu msimamo nao una uongo wake na watu hawausemi. Chukua shilingi urushe mara 90. Unategemea kichwa mara 45. Lakini mtu mmoja kati ya sita hivi atapata vichwa 50 au zaidi, bila uchawi wowote, shilingi ni ile ile. Maana yake timu ya kawaida kabisa, nusu kwa nusu, inaweza kufika Julai ikiwa na ushindi 50 kwa bahati tu ya mpira kudunda huku badala ya kule, na ukiwa na timu 30 lazima utaziona kadhaa. Na hata kwa msimu mzima wa mechi 162 ni hivyo hivyo, hata ungekuwa unajua uwezo halisi wa kila timu bila kukosea, bado theluthi ya timu zitakushinda kwa zaidi ya ushindi sita juu au chini. Kwa hiyo mtu akikosea kwa ushindi tano usimcheke, huyo amepatia.

Cincinnati Reds waliokuwa 50-41 waliongoza kundi lao. Mwaka uliopita walipoteza 100 kamili. Juni wakampandisha Elly De La Cruz, kijana mrefu anayekimbia kama swala, wakashinda mechi 12 mfululizo mwezi ule, mji mzima ukachangamka na mi mwenyewe nilikesha kuwaangalia. Je ni timu mpya kweli kama Orioles, au ni shilingi? Msimamo peke yake haukwambii.

Hapo ndo anaingia mshauri wa tatu wa Julai, tofauti ya mikimbio. Mkimbio ni pale mchezaji anapozunguka besi zote na kurudi nyumbani, ndo bao la huku. Kama unavyoangalia tofauti ya magoli kwenye soka, sema huku ina nguvu zaidi kwa sababu mechi ni nyingi. Bill James, yule mtafiti wa takwimu za beisiboli, alitoa hesabu nyepesi: chukua mikimbio uliyofunga ijizidishe yenyewe, chukua uliyofungwa ijizidishe yenyewe, afu gawa ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Unachopata ndo asilimia ya mechi ulizostahili kushinda. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Weka Miami Marlins na San Diego Padres pembeni pembeni, mi sijaona mfano mzuri kuliko huu. Julai Marlins 53-39, Padres 43-47. Yaani Marlins wako mbele kwa mechi tisa. Ukifuata msimamo huna hata sababu ya kufikiria. Lakini Marlins pamoja na ushindi wote ule walikuwa wanafunga na kufungwa karibu sawasawa, mechi zao walizishinda kwa mkimbio mmoja mmoja, na Padres waliokuwa wanafungwa walikuwa na tofauti chanya. Msimu ulipoisha Marlins walikuwa na ushindi 33 na vipigo 14 kwenye mechi za tofauti ya mkimbio mmoja, Padres walikuwa 9-23. Tisa kwa ishirini na tatu! Na kwenye mechi zilizoenda raundi za nyongeza Padres walishinda 2 wakapoteza 12. Padres walifunga mikimbio 752 wakafungwa 648, piga ile hesabu unapata timu ya ushindi kama 93. Marlins walifunga 666 wakafungwa 723, hiyo ni timu ya ushindi 74. Kwa hesabu hizo ni kama timu mbili zimebadilishana jezi.

Na nusu ya pili ikawaje? Padres 39-33, Marlins 31-39. Yaani kuanzia mapumziko mpaka mwisho ile timu "mbovu" ilikuwa bora kuliko ile "nzuri". Sema Marlins walikuwa wameshaweka akiba, wakamaliza 84 na Padres 82, Marlins wakaingia mtoano na Padres wakabaki nyumbani, na hapo sina la kumwambia mshabiki wa Padres, ushindi ulioupata kwa bahati haurudishwi, unahesabiwa kama mwingine.

Luis Arraez wa Marlins hao hao ni mfano wa mtu mmoja. Kwenye mapumziko alikuwa anapiga .383, yaani kama mara 38 kati ya 100 anazojaribu kupiga anafika besi kwa kipigo chake, watu wakaanza kuuliza kama atafika .400, kitu ambacho kwenye ligi hizo mbili hakijafanyika tangu Ted Williams mwaka 1941. Akamaliza .354, bado bingwa wa upigaji wa Ligi ya Taifa, bado msimu mkubwa sana, ila alirudi kwenye .300 na kitu kama yeye alivyo. Aliyeshika Machi alijua huyu ni mpigaji mzuri sana, aliyefuata Julai alidhani ni Williams.

Sawa, sasa uchague nini? Mi njia ninayotumia siku hizi ni ya kuchanganya na ni rahisi mpaka watu hawaiamini. Chukua asilimia ya ushindi uliyotabiri Machi, chukua asilimia ya Julai, tafuta wastani wake, afu itumie kwa mechi zilizobaki tu. Zilizoshachezwa usiziguse, hizo ni mali yao.

Rangers: Machi niliwapa 83, hiyo ni .512, yaani asilimia 51.2. Julai 52-39 ni .571. Wastani .542. Zimebaki mechi 71, kwa hiyo 38 au 39 zaidi. Jumla 90. Walimaliza na 90. Padres: .586 ya Machi na .478 ya Julai, wastani .532, mechi 72, ushindi 38, jumla 81, walimaliza 82. Reds: inatoka 84, walimaliza 82, na tofauti ya mikimbio hasi 38, kwa hiyo ndo hivyo, De La Cruz alikuwa wa kweli ila timu ilikuwa bado. Cardinals: inatoka 73, walimaliza 71, wa mwisho kwenye kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1990. Braves: 106, walimaliza 104. Yaani utabiri ule ule wa Machi niliotaka kuuchana, ukiuchanganya na Julai, unakuwa kitu cha maana sana. Ningefuata msimamo peke yake ningewapa Reds 89 na Marlins 93. Ningeshika Machi peke yake kwa mechi zilizobaki Cardinals ningewapa 78.

Ila kuna sehemu mchanganyiko unaanguka na ni muhimu kuzijua kabla hujaweka hela ya nyama choma juu yake. Orioles wanatoka 94, walimaliza 101. Nusu ya pili walienda 47-26, wakaongeza kasi badala ya kupungua. Hapo ndo nakwambia, kabla ya kuchanganya jiulize huu ushindi umetoka wapi. Kama unaweza kutaja watu, kijana huyu hakuwepo mwaka jana, yule amepandishwa, mfungaji wa mechi Félix Bautista hagusiki, na mikimbio nayo inakubali, basi ipe Julai uzito mkubwa, mbili kwa moja. Kwa Orioles ningepata 95, karibu zaidi kidogo. Kama huwezi kutaja kitu zaidi ya "wanashinda mechi za mwisho mwisho", Marlins hao, ipe Machi uzito mkubwa.

Sehemu ya pili ni Mets. Mchanganyiko unawapa 81, walimaliza 75. Kwa sababu mwisho wa Julai walikata tamaa wakauza. Scherzer akaenda Rangers, Verlander akarudishwa Houston. Timu iliyomaliza msimu sio ile niliyoiandika Machi, kwa hiyo utabiri wa Machi hapo umekufa kihalali, sio kwa kukosea. Timu yoyote iliyo chini ya nusu kwa nusu siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji inapokaribia, punguza.

Oakland wao ni kinyume kidogo, mchanganyiko unawapa 47 wakapata 50. Timu mbovu kupita kiasi mara nyingi sio mbovu kiasi kile. Sina zaidi.

Kwa hiyo kama unataka niseme moja kwa moja nani achukue nini. Kama wewe ni mtu wa daftari kama mimi, mnabishana na ndugu nani atamaliza wapi, chukua mchanganyiko na uongeze jicho la mikimbio, utamshinda anayefuata msimamo na utamshinda anayeshika Machi, sio kila timu ila kwa jumla yake. Kama ni Machi kabisa na unaanza daftari jipya, anza na kompyuta kama msingi, afu tafuta mtu mmoja mmoja wenye macho kwa timu moja moja, usiwasikilize kwa timu nyingine. Majina na pesa yaweke mwisho, usiyaache kabisa kwa sababu Rangers nao walikuwa wametumia sana, Corey Seager dola milioni 325 na Marcus Semien 175, ila angalia pesa imeenda kwa nani, wale wawili walikuwa wapigaji wanaocheza kila siku na bado wana nguvu. Yule mrushaji wao wa gharama, Jacob deGrom wa dola milioni 185, alianza mechi sita tu mwaka ule akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Hapo hapo kwenye timu moja una somo zima la pesa ipi inanunua ushindi.

Na kama uko nyumbani Dar au Mombasa na unachotaka ni timu moja tu ya kukesha nayo nusu ya pili ya msimu, sahau hesabu zote, chagua timu ya vijana wanaokimbia. Mwaka ule sheria zilibadilishwa, mrushaji akawekewa saa, sekunde 15 besi zikiwa tupu na 20 zikiwa na mtu, besi zenyewe zikafanywa kubwa, mechi zikashuka mpaka wastani wa saa 2 na dakika 40, na besi zilizoibwa, yaani mkimbiaji kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, zikaruka kutoka 2,486 mwaka uliopita mpaka 3,503. Corbin Carroll wa Diamondbacks peke yake aliiba 54. Mechi zao za nyumbani Arizona zinaanza saa kumi na moja kasoro alfajiri huko kwenu, unaamka nayo, unakunywa chai nayo, unaenda kazini umeshashiba.

Kitu cha mwisho, na hapa mdogo wangu alinikamata. Aliniuliza, kaka sasa hizo hesabu zako Oktoba zinasemaje? Nikafungua daftari. Timu tatu zilishinda mechi 100 au zaidi mwaka ule: Braves, Orioles na Dodgers. Mtoano ulipoanza wote watatu walitolewa kwenye mfululizo wao wa kwanza (huku timu mbili zinakutana mechi kadhaa mfululizo), na wote kwa pamoja walishinda mechi moja. Orioles, ambao msimu mzima hakuna aliyewafunga mechi zote za mfululizo, walifungwa mechi tatu bila na Rangers. Dodgers walifungwa tatu bila na Diamondbacks, na hao Diamondbacks kwenye msimu wa kawaida walikuwa na tofauti hasi ya mikimbio 15 na ushindi 84 tu, wakaenda mpaka World Series, yaani fainali, wakakutana na Rangers, Rangers wakachukua nne kwa moja. Timu mbili ambazo mwaka 2021 moja ilipoteza mechi 102 na nyingine 110.

Nikamwambia mdogo wangu, kwa Oktoba mi siandiki kitu. Akasema basi yeye ataandika, na kwenye ukurasa ule kuna mwandiko wake tangu alipokuja kunitembelea, timu moja tu, Mets, ameipigia mstari mara mbili.